Kabla ya kusema maiki hii ni bora, fuata njia ya sauti

Ukiweka maiki mbili mbele ya mwimbaji mmoja, ukarekodi mistari minne, kisha ukazisikiliza kwa zamu, karibu kila mara utaipenda ile iliyoingia na sauti kubwa zaidi, hata kama imezidi kwa desibeli moja tu. Wala hutaisikia kama kubwa. Utaisikia ina uwazi, besi imeshiba, mwimbaji yuko karibu. Sikio ndivyo lilivyo. Tangu watafiti Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933, inajulikana kwamba sauti inapopungua, besi hupotea sikioni mapema kuliko sehemu ya kati. Kwa hiyo rekodi iliyopungua kidogo inafika ikiwa imekonda kidogo pia, na maiki nzuri inahukumiwa kwa kosa la nobu ya geini, ile ya kuongeza nguvu ya maiki.

Wengi wetu tunaorekodi vyumbani tumebadilisha maiki, kadi ya sauti, hata spika, kwa hukumu za namna hii. Inauma, maana hela zenyewe ni za kujibana. Na mengi ambayo kazi hii imetufundisha yanarudi hapo hapo: tofauti nyingi zinazosikika kati ya kifaa na kifaa ni tofauti za njia. Moja imepita mahali ambapo nyingine haikupita, au zote zimepita palepale zikafika na viwango tofauti.

Karatasi na kalamu

Andika safari yote ya sauti kutoka mdomoni hadi sikioni. Kwa chumba chenye kadi ya matundu mawili na laptop, safari ni hii: maiki, kebo, priampu ya kadi (inayoikuza ishara ya maiki), kigeuzi cha kuingilia (kinachoigeuza iwe namba), chaneli ya programu, plagini, feda (kitelezi cha kiwango), chaneli kuu, kigeuzi cha kutokea, nobu ya hedifoni, hedifoni. Kila mahali ambapo kiwango kinaweza kubadilika, weka duara. Hata kwenye njia fupi kama hiyo utapata maduara matano au sita. Sasa chora njia ya pili chini yake. Zinapoachana ndipo kipimo chako kilipo. Kwingine kote zinatakiwa ziwe njia ileile, nobu ileile, plagini zilezile au hakuna kabisa.

Duara linalosahaulika zaidi ni pani, ile ya kupeleka sauti kushoto au kulia. Programu nyingi hupunguza chaneli ya mono inapokuwa katikati, kwa kawaida desibeli 3, nyingine 4.5 au 6, kutegemea mpangilio uliochaguliwa. Faili la stirio halipunguzwi hivyo. Ukiweka sauti uliyorekodi leo kwa mono kando ya ile ya wiki iliyopita uliyoitoa kama stirio, unaweza kupata tofauti ya desibeli 3 ambayo haihusiani na maiki wala mwimbaji. Geuza zote ziwe za aina moja kabla ya kuanza.

Angalia pia kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa. Faili la 44.1 kHz likichezwa kama la 48 kHz bila kubadilishwa linapanda karibu robo tatu ya toni na linakimbia kwa asilimia 8.8. Hilo utalisikia mara moja. Usilolisikia ni pale mfumo wa kompyuta unapobadilisha kasi kimyakimya katikati ya njia moja na kuiacha nyingine. Kadi, programu na mfumo wa kompyuta vyote viandikwe namba moja.

Mikisa ndogo ya USB

Hapa ndipo vyumba vingi vinapokwama, hivyo tukae kidogo. Mikisa nyingi ndogo za chaneli sita au nane zenye USB hazipeleki kila chaneli kwenye kompyuta. Zinapeleka njia mbili tu, kushoto na kulia kwa miksi kuu. Ukitaka maiki mbili ziingie kila moja kivyake, pani ya maiki ya kwanza izungushe kushoto kabisa, ya pili kulia kabisa, kisha kwenye programu fungua chaneli mbili za mono, moja ichukue ingizo la 1 na nyingine ingizo la 2. Ekolaiza za mikisa zote ziwe katikati. Riveb ya mikisa izimwe, maana inatoka stirio: maiki ya kushoto itamwaga mwangwi wake kulia na utakuwa hulinganishi tena maiki mbili.

Halafu kuna kitanzi. Kompyuta nayo inarudisha sauti kwenye mikisa kwa waya uleule wa USB. Kitufe cha kupeleka marudio hayo kwenye miksi kuu kikiwa kimebonyezwa, biti (muziki wa kuimbia) inatoka kompyuta, inaingia miksi kuu, na miksi kuu inarudi kompyuta. Ukiwasha usikilizaji wa ingizo kwenye programu, sauti inaanza kujirudia, inapanda, inapiga ukelele. Hata usipouwasha, biti inarekodiwa ndani ya chaneli ya mwimbaji, na utagundua siku ya kuchanganya, pale unapoizima biti na bado unaisikia.

Wengi hudhani ni hedifoni zinavuja. Kuna namna ya kujua. Iache chaneli ya mwimbaji peke yake, nenda sehemu ambayo haimbi, ongeza sauti. Kinachovuja kutoka hedifoni ni chembamba, zaidi ni hai-hati na makofi, bila besi. Kilichozunguka kwenye kitanzi kina kiki na besi kamili. Ukikuta besi imeshiba, usinunue hedifoni mpya, tafuta kitufe. Marudio ya USB yapelekwe kwenye hedifoni peke yake, sio miksi kuu. Kama mikisa yako haina uchaguzi huo, toa biti kwenye tundu la hedifoni la laptop, uiingize kwenye matundu ya mikisa yaliyoandikwa kwa ajili ya tepu, ambayo kwenye mikisa nyingi yanaweza kusikika hedifoni bila kuingia miksi kuu.

Kusawazisha viwango

Kwa maiki, toni moja ya 1 kHz haifai. Chumba kina mawimbi yanayosimama, na ukisogeza maiki kwa upana wa kiganja toni ileile inaweza kupanda au kushuka kwa desibeli kadhaa. Tumia noizi ya pinki, ile inayovuma kama mvua kubwa juu ya bati, ukiikata ibaki kati ya 500 Hz na 2000 Hz. Spika moja iwe kwenye urefu wa mdomo, maiki zote mbili zikae sentimita 50 kutoka kwake, vichwa vyake vikaribiane kadiri vinavyoweza bila kugusana. Rekodi sekunde 20. Soma mita ya wastani au ya LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika) ya kila chaneli, usisome kilele, maana kilele cha noizi kinarukaruka. Tofauti iliyoonekana irekebishe kwa feda au kwa plagini ya geini ndani ya programu, sio kwa nobu ya priampu. Nobu za kadi za bei nafuu hazina hatua. Mbili zikielekea saa nane kamili zinaweza kuachana kwa desibeli moja au mbili, na ukiigusa moja huwezi kuirudisha ilipokuwa.

Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1. Namba hiyo inaonekana ndogo mno mpaka ujue kwamba nusu desibeli tayari inaweza kugeuza uchaguzi wa msikilizaji.

Mwimbaji mwenyewe ndiye mtihani mgumu. Akiwa sentimita 15 kutoka kwenye maiki, akisogea mbele sentimita 3 tu, kiwango kinapanda karibu desibeli 2, na maiki ya mwelekeo mmoja inaongeza besi juu yake. Akiwa sentimita 30, kusogea kulekule kunaleta kama desibeli 0.9. Kwa hiyo kumwambia aimbe mara mbili, mara ya kwanza kwenye maiki hii na ya pili kwenye ile, ni kulinganisha shingo yake. Weka maiki zote mbili kwa wakati mmoja, au rekodi sauti yake mara moja kwa usafi, kisha uicheze kupitia spika ileile mbele ya kila maiki. Spika si mdomo, hilo ni kweli, lakini haichoki na haiinami. Ichague yenye koni moja ukiweza: yenye koni mbili, kwa karibu, inaipa kila maiki mchanganyiko tofauti wa juu na chini kwa tofauti ndogo ya pembe.

Ukilinganisha priampu mbili kwa maiki moja, kebo ya Y inaweza kugawa ishara, lakini elewa unachofanya. Priampu mbili kwa pamoja zinaikandamiza maiki zaidi ya moja peke yake, na maiki za dinamiki zinabadilika kidogo kwa hilo. Umeme wa volti 48, ule unaoiendesha maiki ya kondensa kupitia kebo, uwashwe upande mmoja tu. Maiki ya utepe ikae mbali na jaribio hilo kabisa. Na Y ni ya kugawa. Usiitumie hata siku moja kuunganisha matokeo mawili yaingie tundu moja, maana kila tokeo litakuwa linasukuma umeme wake ndani ya mwenzake.

Kwa vifaa vinavyounganishwa kwa laini, multimita ya fundi umeme inatosha. Cheza toni ya 100 Hz, pima volti za AC kati ya ncha na pete ya jeki kubwa. Kwa nini 100 na sio 1000? Multimita za bei ndogo zimetengenezwa kwa umeme wa ukutani, kwa hiyo zinasema kweli karibu na 50 Hz na nyingi zinaanza kukosea toni ikipanda sana. Kiwango cha kitaalamu cha +4 dBu ni volti 1.23. Kiwango cha vifaa vya nyumbani, −10 dBV, ni volti 0.316. Kati yao kuna karibu desibeli 12, na hiyo ndiyo sababu kompresa ya mitumba (kifaa cha kubana viwango vya sauti) inaweza kuonekana mbovu ikichomekwa kwenye kadi ya kisasa: inasubiri volti 0.3 na inapewa zaidi ya moja, sauti inapasuka. Tafuta swichi ndogo nyuma yake yenye maandishi +4/−10 kabla ya kuipeleka kwa fundi.

Jeki yenye pete

Kama kuna jambo moja ningependa kila anayeanza alijue, ni hili. Mtu anacheza biti kwenye simu, anachukua kebo ya jeki ndogo kwenda jeki kubwa moja, anachomeka kwenye tundu la laini la kadi. Kiki inazama, besi haipo, sauti kuu ya mwimbaji imeondoka. Waitikiaji, gitaa za pembeni na mwangwi vinabaki vikielea. Anadhani biti ni mbovu.

Angalia jeki: ina mistari miwili myeusi, maana yake ina ncha, pete na shina. Kwenye simu, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi. Lakini tundu la balansi la kadi halijui kushoto wala kulia. Limetengenezwa kupokea nakala mbili za ishara moja, ya pili ikiwa imegeuzwa juu chini; linaitoa pete kutoka kwenye ncha, na noizi iliyoingia njiani inafutika kwa kuwa iko sawa pande zote mbili. Ukilipa stirio, linatoa kulia kutoka kushoto. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinakuwa sifuri, na katikati ya wimbo ndipo tunapoweka kiki, besi na sauti kuu.

Tumia kebo inayotoka jeki ndogo kwenda jeki mbili kubwa zenye mstari mmoja mweusi, kila moja tundu lake. Kama una tundu moja tu, fundi redio atakuunganishia rezista mbili za ohmu 1000, moja kwenye kushoto na nyingine kwenye kulia, zikutane kwenye ncha. Kushoto na kulia zisiguswe moja kwa moja.

Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu kinajificha. Tokeo la balansi la kadi au mikisa, kwa kebo ya mistari miwili, linaingizwa kwenye tundu dogo la kamera kwa ajili ya video ya wimbo au ibada. Kamera inadhani imepewa stirio: kushoto inapata ishara, kulia inapata ishara ileile ikiwa imegeuzwa. Kwenye hedifoni sauti inasikika pana ajabu, kama iko nyuma ya kichwa, na wengine huipenda. Mtazamaji akiifungua kwenye simu ya spika moja au redio ya mono, hakuna sauti. Jaribio ni kitufe cha mono kwenye chaneli kuu: kikibonyezwa sauti ikatoweka, umelipata kosa. Faili lililokwisha kurekodiwa hivyo linaokoleka. Futa upande mmoja, nakili uliobaki pande zote mbili. Kwa kebo yenyewe, chukua ncha peke yake. Kuhusu pete, soma kijitabu cha kadi, maana nyingine zinataka iachwe wazi na nyingine iunganishwe na shina.

Kutoa moja kutoka kwa nyingine

Pale unapolinganisha njia mbili zilizobeba rekodi ileile (kebo mbili, plagini mbili, faili kabla na baada ya kulitoa) kuna kipimo kinachozidi sikio. Weka zote mbili kwenye chaneli mbili zilizopangwa sampuli kwa sampuli, sawazisha viwango, geuza wimbi la moja kwa kitufe chenye alama ya Ø, zicheze pamoja. Zikiwa sawa kabisa, utasikia kimya. Kilichobaki ndiyo tofauti yao, na unaweza kuipima.

Soma kilichobaki kwa makini kabla ya kusherehekea. Viwango vikiachana kwa desibeli 1, mabaki yatakuwa karibu desibeli 19 chini ya asili. Vikiachana kwa 0.1, karibu 39 chini. Kwa hiyo mabaki yanayosikika kama wimbo wenyewe, mzima lakini kwa mbali, ni kosa la kiwango. Mabaki ambayo besi imepotea lakini "s" na hai-hati zinasikika kwa nguvu ni kosa la muda. Kuchelewa kwa sampuli moja tu kwenye 48 kHz kunaacha mabaki ya 100 Hz yakiwa desibeli 38 chini, ilhali ya 10 kHz yanakuwa makubwa kuliko ishara yenyewe. Ukiyaondoa makosa hayo mawili, kinachobaki ndicho cha kujadili. Kebo mbili nzima za mita tatu, zikipimwa hivi, huacha noizi na karibu hakuna kingine. Kipimo hiki hakifai kwa maiki mbili au kwa kuimba mara mbili, wala kwa plagini za kwaya na riveb ambazo hazirudii kitu kilekile kila zinapocheza.

Na kwa yale yasiyopimika hivyo, mwenzako akubadilishie bila wewe kuona. Chaneli zote mbili zielekezwe kwenye njia moja ya pamoja, moja ikisikika nyingine inazimwa, kitufe kimoja. Arushe sarafu kuamua ipi icheze. Mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kuwa umebahatisha ni kama 4 kati ya 100. Ukipatia tisa, bado hujasikia chochote, hata kama moyo unabisha. Vipande viwe vifupi, sekunde tano hadi kumi, kwa sababu kumbukumbu ya rangi ya sauti inafifia haraka sana.

Ndani ya programu

Inseti inachukua sauti yote na kuirudisha ikiwa imebadilishwa. Sendi inachota nakala na kuiacha ya asili iendelee. Kompresa na ekolaiza kwa kawaida zinakaa inseti, riveb na dilei sendi. Riveb ikiwa kwenye sendi, iweke asilimia 100 mwangwi mtupu, vinginevyo unaongeza nakala kavu ya pili na chaneli inapanda bila wewe kugusa feda, kisha unasema riveb imeipa sauti mwili.

Sendi ya hedifoni za mwimbaji ichukuliwe kabla ya feda, ili ukipandisha na kushusha miksi yako yeye asisikie. Sendi ya riveb ichukuliwe baada ya feda, la sivyo ukiishusha sauti mwangwi utabaki peke yake.

Mwimbaji anayelalamika kwamba anajisikia kama yuko ndani ya bomba mara nyingi anasikia njia mbili kwa pamoja: usikilizaji wa moja kwa moja wa kadi, na nakala iliyozunguka kompyuta. Bafa (akiba ya sampuli ambayo kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli 256 kwenye 48 kHz ni milisekunde 5.3 kuingia na 5.3 kutoka, ukiacha muda wa vigeuzi. Zima moja, kwa kawaida ile ya programu. Kama bado anasema sauti ni nyembamba, jaribu kugeuza wimbi la anachosikia. Sauti yake inamfikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na upande mmoja wa wimbi unajumlishana na mifupa vizuri kuliko mwingine. Inachukua sekunde mbili na mara nyingine ndiyo tofauti kati ya mtu anayejilazimisha na anayeimba.

Ukitoa sauti nje kwenda kwenye kompresa ya kweli na kuirudisha, pima safari. Chomeka kebo moja kutoka tokeo la 3 hadi ingizo la 3, peleka mlio mmoja mfupi, urekodi, hesabu sampuli kati ya asili na marudio. Tuseme imechelewa sampuli 71. Ukiichanganya na ile kavu bila kusahihisha, 338 Hz inafutika, kisha 1014, kisha 1690, kama meno ya kitana. Iandike hiyo 71 kwenye mpangilio wa programu, na upime upya kila unapobadilisha bafa au kasi ya sampuli.

Wimbo wa mfano nao una njia yake. Kosa linalorudiwa ni kuuweka kwenye chaneli ya kawaida, ukapita chini ya kompresa na limita za chaneli kuu yako. Umekandamizwa mara ya pili, na unaulinganisha na miksi yako ukidhani ndivyo ulivyo. Upeleke moja kwa moja kwenye tokeo la kadi, au tengeneza njia ya pamoja kwa miksi yako yote, plagini zote zikae huko, na chaneli kuu ibaki tupu. Kisha uushushe. Wimbo uliokwisha kufanyiwa masta (kukamilishwa kwa ajili ya kutolewa) unaweza kuwa −9 LUFS wakati miksi yako iko −18. Upunguze wimbo huo desibeli 9 kabla ya kukata tamaa. Spotify kwa kawaida inausogeza hadi −14 hata hivyo.

Mvumo wa umeme

Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo mvumo unakaa 50 na 100, karibu na noti ya sol ya chini ya besi. Ukiwa kwenye njia moja na haupo kwenye nyingine, ulinganisho wote umeharibika, kwa sababu sikio linauhesabu kama joto la besi. Chomoa chaja ya laptop. Ukikoma, vifaa viwili vimeunganishwa ardhi kwa njia mbili, ya umeme na ya kebo ya sauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja, tumia kebo za balansi, na ikibaki weka kisanduku cha transfoma kwenye njia ya sauti. Usikate wala kuziba pini ya ethi ya plagi. Mtu anagusa maiki kwa midomo. Kama chumba kinatumia sola, kigeuzi cha umeme kisichotoa wimbi safi huleta mbwembwe za juu, zenye makali, sio mvumo mnene, na hizo hazikomi kwa kupanga ardhi. Rekodi laptop ikiwa kwenye betri yake.

Mwanzo wa kila kikao, kabla mwimbaji hajavaa hedifoni, rekodi sekunde 10 za chumba kikiwa kimya, geini ikiwa pale itakapokuwa, na uandike mita inasoma ngapi. Jana ikiwa desibeli −72 na leo −60, kuna kitu kimehama kwenye njia. Anza na chaja, kisha feni, kisha kebo iliyolala sambamba na waya wa umeme.